Viganja vya Houtem

Mara ya kwanza nilifika Sint-Lievens-Houtem, Ubelgiji, kwa sababu ya ubishi. Ilikuwa Novemba 1998. Mzee mwenye nyumba niliyopanga mjini Gent alikuwa mtoto wa mkulima, nami nilikuwa nikimtambia minada yetu ya Dodoma. Akanikatiza: kesho usiwe na safari nyingine.

Kesho yake ilikuwa tarehe 11, siku ya Mtakatifu Martin, ambayo kwa Wabelgiji pia ni sikukuu ya kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tulifika giza halijatoka. Kijiji chenyewe kidogo, lakini uwanja wake ulijaa farasi wa Brabant, wale wa kukokota jembe, migongo mipana kama meza, pua zikitoa mvuke. Ng'ombe walikuwa upande wao, wamefungwa safu.

Nilitafuta dalali, sikumwona. Muuzaji anataja bei na kunyoosha kiganja. Mnunuzi anataja yake, anakipiga pa! kisha anaondoka kama mtu aliyetukanwa. Hafiki mbali. Anavutwa koti, bei inasogea, pa! nyingine. Mkono ukishikwa badala ya kupigwa, basi, farasi amehama. Hapo bunda la faranga linatoka mfukoni, linahesabiwa kwa kidole kilicholambwa.

Nimerudi karibu kila mwaka. Faranga ziliondoka 2002, zikaja yuro, na wazee wakaendelea kukokotoa kwa faranga midomo ikicheza. Makaratasi yaliongezeka: hereni za masikioni, pasi za farasi, daktari wa mifugo mlangoni. Tangu 2014 sheria imewawekea wafanyabiashara kikomo cha yuro 3,000 taslimu, kwa hiyo siku hizi kiganja kinafunga bei, simu inamaliza malipo. Trekta ilikuwa imeshamfukuza farasi shambani zamani. Wanaomnunua sasa wengi wanampenda tu.

UNESCO iliutambua mnada huu 2010 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nilifurahi, kisha nikanung'unika, maana kamera zilianza kutangulia wanunuzi.

Safari yangu ya mwisho, watu wawili walikuwa wamekubaliana juu ya farasi jike. Mpiga picha mmoja, aliyechelewa kubonyeza, akawaomba warudie. Muuzaji akaficha mkono nyuma.

"Ukipigwa tena," akasema, "bei inabadilika."