Jina la Baba katika Kitabu cha Madeni

Mwezi huu ninataka kuwaelezea habari ya kopo moja la maziwa. Liko nyumbani kwangu hapa Likasi, chini ya kitanda cha binti yangu.

Binti huyu anasoma komersiali. Kontabilite anaijua sana, anajaza kurasa bila kufuta hata mara moja. Siku moja nikamwuliza kama anaweza kuuzisha kitu mpaka feza irudi na faida. Akacheka: «Papa, ile tunajifunzaka paka mu kaye.» Basi nikampa 30.000 franka, zile nilizoweka kwa ajili ya viatu vyangu. Nikamwambia: zikipotea, zimepotea, sitaongeza zingine.

Akachagua vitumbula. Alinunua unga wa ngano kwa 11.000, mafuta kwa 8.000, sukari na levire kwa 4.000. Akapika 200, akauza kimoja 200 franka. Jioni akaingia na 40.000, anapiga mikono: «Faida 17.000!» Mama yake alikuwa anachambua sombe, hakuinua hata kichwa. «Na makala yangu ile ulipikia, ni ya bure?» Makala yale yalikuwa ya 5.000, na mfuko ulikuwa umekwisha. Faida ikashuka mpaka 12.000. Mkiona kitabu chake leo, makala ndiyo mstari wa kwanza.

Kisha akajifunza deni. Jirani mmoja, mtu wa salamu nzuri, alikula sita na kusema atalipa jioni. Jioni hiyo haijafika mpaka leo! Nilitaka kwenda kumdai mimi. Mama akanikataza: «Aende yeye mwenyewe.» Alienda mara tatu, akarudi mikono mitupu, lakini tangu pale hakuna mtu anayekula kwa deni bila jina lake kuandikwa.

Labda mnauliza kwa nini ninajisumbua hivi na vitumbula vya mtoto. Ninyi mliozaliwa kambini mnajua. Tangu wakati wa Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, mpaka Gécamines, kampuni ilitoa nyumba, mgawo wa unga, shule na hospitali. Baba alileta mshahara. Kuuza nyanya ilikuwa kazi ya mama, tena baba wengine waliionea haya. Halafu ikafika mwaka 2003: wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akapewa feza yake kwa mara moja.

Baba yangu mdogo alinunua frigo kubwa, akauza samaki wa tomsoni. Na samaki waliuzwa, njo ile inaniuma. Kila jioni feza iliingia, na kila jioni tulikula nyama nyumbani kwake, maana kwake yeye feza ikiingia ni mshahara. Siku ya kununua katoni zingine hakukuwa na kitu. Frigo ikawa kabati ya nguo. Msimwone kuwa mjinga: aliendesha mashini ambazo mimi siwezi hata kuziwasha. Lakini alipokuwa na miaka 17, hakuna mtu aliyempa feza kidogo ya kupoteza. Alikuja kujifunza na ile kubwa, na hakukuwa na ingine.

Hayo yote niliyajua. Hata hivyo, sikilizeni nilichofanya. Mwezi wa tano tulipata kilio katika jamaa, na mfukoni mwangu hamkuwa kitu. Faida ya binti ilikuwa inaenda katika likelemba na wenzake, ila kopo lilibaki kila mara na zile 30.000. Nikalivuta, nikakamata 20.000. Nikajiambia: si ni feza yangu? Si mimi njo nilimupa?

Siku ya tatu alilifungua aende sokoni. Hakulia.

«Papa, ni weye?»

«Ni mimi. Nitarudisha mwisho wa mwezi.»

«Bote banasemaka vile.»

Akafungua kitabu cha madeni, na chini ya jina la yule jirani akaandika: Papa, 20.000. Akasimama na kalamu mkononi mpaka nikataja tarehe.

Nilikasirika, siwadanganyi. Mtoto anamwandika baba yake pamoja na wadeni wa barabarani! Nikatoka, nikatembea mpaka kwenye reli. Ni kule nilipokumbuka ile frigo iliyojaa nguo.

Siku kumi na nane hakupika, maana 10.000 iliyobaki haikutosha hata unga. Nilipolipa, wateja wake wa jioni walikuwa wamezoea msichana mwingine wa avenyu ya pili. Feza niliirudisha, lakini watu wale sikuweza kumrudishia. Alianza upya na vitumbula 100, akabadili saa: sasa anauza saa kumi na mbili ya asubuhi, mbele ya wachimbaji kupanda pikipiki kwenda kazini, kisha anakimbia shuleni.

Kopo limewekwa kufuli, na funguo iko kwa mama yake. Juzi nilimwomba 2.000, kwa mzaha tu. Akaenda kwanza kutafuta kalamu.