Mtumba wa London

Mama alikuwa na elfu 25 za chama na msimamo mmoja: laptopu iwe mpya. Alikuwa ameshalipia kozi ambayo sikuimaliza, kwa hivyo sikuwa na nguvu nyingi za kubishana. Lakini mimi ndiye ningeitumia kuandika nipate riziki, na mdogo wangu aifanyie kazi za shule jioni. Nikabishana.

Kwa bei hiyo, mpya niliyoonyeshwa Kenyatta Avenue ilikuwa Celeron yenye RAM ya GB 4 na eMMC ya GB 64. Muuzaji anaita zote "memori" halafu anasonga mbele. eMMC ni hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi. Ina kasi ndogo kuliko SSD, na ikifa huchomoi uweke nyingine. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo kabla hujafungua hata Word. Inang'aa, ni nyepesi, lakini ukifungua tabo sita inaanza kuwaza kama mzee anayetafuta miwani.

Upande wa pili kuna ex-UK: EliteBook na ThinkPad zilizostaafu ofisini huko Uingereza, zimekwaruzwa kidogo, kibodi imara. Ni mitumba, sawa, lakini hata koti la mama la kanisani ni mtumba na limemaliza miaka. (Plagi ya chaja nayo inaingia ukutani bila adapta. Soketi zetu ni za Mwingereza.)

EliteBook 840 G3 ilikuwa elfu 23: i5, GB 8, SSD ya 256. Tamu. Nikaomba kuona jina kamili la prosesa: i5-6300U. Kwa hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani cha 6. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. "Lakini hii iko na 11 tayari, boss." Iko, ndiyo. Iliingizwa kwa dirisha.

840 G5 ilikuwa elfu 29. Hapo pia unasoma namba, maana kuna G5 za kizazi cha 7. Hii ilikuwa i5-8350U. Nikaandika powercfg /batteryreport kwenye ile skrini nyeusi, nikalinganisha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wa sasa: asilimia 61. Kwetu Free Area stima ikipotea, hiyo ndiyo tofauti ya kutuma kazi na kuomba msamaha kwa mhariri.

Nikamwonyesha muuzaji ile 61. Akashuka hadi 27. Mama, kwa simu: "Wazungu wametumia wakachoka, ndio wewe unaenda kulipa?"

"Ndiyo, mama. Na elfu 2 naongeza mimi."

Akanyamaza kidogo. "Waandike garanti kwa risiti."

Wakaandika miezi 6, betri haimo.