Simba wa Kruger hana pasi, binamu yangu naye hakuwa nayo

Safari hii sikupeleki Bagamoyo wala Zenji kula urojo. Nimetoka Bondeni, Sauzi yenyewe, tena kwa basi. Tunduma, Zambia, Zimbabwe, Beitbridge, mpaka miguu ikavimba kama mihogo iliyolowekwa. Pasi yangu imegongwa mihuri hadi inatia huruma.

Binamu yangu anaishi Komatipoort, kamji kalikojibana kwenye kona ambako Afrika Kusini inapakana na Msumbiji. Joto la kule ni la Kariakoo mwezi wa pili, ila badala ya watu unaona miwa. Ukivuka Mto Crocodile umeingia Kruger, hifadhi ya karibu kilomita za mraba 20,000 yenye simba wanaokadiriwa kufikia 1,600.

Siku ya pili braza akanipeleka kuuona uzio wa mpaka. Mimi nilitegemea bonge la ukuta. Nikakuta waya na nguzo za chuma zinapanda vilima vya Lebombo, na kijibarabara cha vumbi pembeni. Akaninong'oneza, ingawa hapakuwa na mtu, "Dogo, mi nilipita chini."

Siku hizi ana karatasi zake safi, ndiyo maana nathubutu kuandika. Zamani alizamia. Walikuwa watano na jamaa mmoja wa Msumbiji waliyemlipa awavushe usiku. Jamaa hakukata waya. Aliwapeleka kwenye tundu lililochimbwa na ngiri. Ngiri ana kawaida hiyo, anafukua chini ya uzio, kisha kila mwenye shida zake anapita: nungunungu, fisi, chui, na simba akipanua kidogo. Binamu anasema alipoingiza kichwa alisikia harufu ya mnyama mpaka akatamani kurudi kwa mama yake Tandika. Baadaye kidogo simba akanguruma. Si karibu, lakini nani ana futi ya kupima? Wakalala kifudifudi kwenye majani hadi alfajiri. Mmoja wao, kijana wa Tanga, alitimua mbio kurudi Msumbiji na hawakumwona tena.

Nikadhani ananipiga fiksi. Lakini historia ya pale ni nzito kuliko hadithi yake. Msumbiji ilipata uhuru 1975, na katika miaka hiyohiyo ya 70 mpaka wa Kruger ukawekwa uzio. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea kuanzia 1977 hadi 1992, na maelfu ya watu walikimbia kwa kukatisha pori la Kruger kwa miguu, usiku. Wapo walioliwa na simba, na idadi yao hakuna anayeijua. Kusini ya hapo, upande wa Swaziland, makaburu waliweka uzio wa umeme wa kuua katika miaka ya 1980, ukaja kuitwa Nyoka wa Moto.

Sasa tumuulize simba mwenyewe. Dume akifikisha miaka miwili, mitatu, anafukuzwa nyumbani akajitafutie maisha, kama sisi tuliomaliza fomu foo tukaambiwa kula ya bure basi. Lazima atembee mbali. Mbwa mwitu ndio balaa, kundi moja la Kruger linaweza kuzunguka eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400. Wanyama wa namna hiyo ukiwafungia padogo wanaoana ndugu kwa ndugu. Iliwatokea simba wa Hluhluwe-iMfolozi, hifadhi nyingine ya Sauzi yenye uzio, ambao walitokana na wachache sana. Afya zikayumba mpaka 1999 wakaanza kuletewa simba wageni.

Basi, Desemba 2002, Mbeki, Chissano na Mugabe wakatia saini mkataba kule Xai-Xai wa kuunganisha Kruger na hifadhi za Limpopo ya Msumbiji na Gonarezhou ya Zimbabwe. Vipande vya uzio vikang'olewa. Mimi ningekuwepo ningepiga vigelegele. Kwetu Serengeti na Maasai Mara mpaka ni mawe tu ya alama, simba anakula nyumbu Tanzania na kulala Kenya, nani kafa?

Lakini Limpopo kulikuwa na vijiji ndani ya hifadhi, vina ng'ombe na watoto wa kuchunga. Simba anayetoka Kruger hajui kwamba ng'ombe ana mwenyewe. Akimrarua, mwenye mali anatega sumu, na mimi simlaumu sana, ng'ombe ndiye benki yake. Halafu wakaja wanaomuua kwa makusudi ili wauze meno, kucha na mifupa. Pengo la uzio likawa mlango wa kuendea kifo.

Mwaka 2013 Craig Packer, yule mtafiti aliyekaa na simba wa Serengeti miaka na miaka, alitoa utafiti na wenzake uliosema simba wa ndani ya uzio wanajazana kuliko wa hifadhi za wazi. Watafiti wengine wakamjibu mwaka huohuo kwamba ukihesabu simba wote badala ya msongamano, wengi wako kwenye maeneo makubwa yasiyo na uzio. Mimi mwenye cheti cha fomu foo nasema hivi: kung'oa waya ni kazi ya wiki moja, kumlipa mzee wa Limpopo ng'ombe wake ndiyo kazi, na hiyo ilipaswa kutangulia.

Siku ya mwisho nikamshawishi binamu tuingie Kruger kama watalii. Miaka yote anaishi pale hajawahi. Barabara ya Lower Sabie tukakuta magari yamesimama, dume kalala katikati ya lami, wazungu wanapiga picha. Binamu akapandisha vioo vyote. Kiyoyozi cha gari kilikuwa kibovu. Tukaoka humo kama mikate, yeye kimya, mkono kwenye gia, mpaka simba aliponyanyuka, akajinyoosha, akaondoka zake taratibu kuelekea mashariki, kule kwenye vilima vya mpaka.