Rangi Nyekundu ya Baba Mkubwa

Mtaani kwetu Tudor, Mombasa, ilijulikana kwamba Datsun 240Z ya Baba Mkubwa ilikimbia Safari. Mwaka gani, au nani alikuwa usukani, hakuna aliyeweza kusema. Lakini gari lilikuwa jekundu, boneti nyeusi, kama yale ya timu ya Datsun mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa watu huo ulikuwa ushahidi tosha.

Baba Mkubwa alipofariki, gari lilibaki uani miaka kadhaa likiliwa na chumvi ya bahari. Kisha akaja dalali mwenye mteja Uingereza, akataja bei mbili. Ya kwanza ilikuwa ya 240Z ya kawaida iliyochoka. Ya pili, zaidi ya maradufu, ilikuwa ya gari lililoshiriki Safari. Paa la Mama Mkubwa lilikuwa linavuja jikoni na ukumbini. Akaniita.

"Wewe ndiye unayejua kuandika," akasema. "Niandikie historia ya hilo gari. Ya kweli, mwanangu."

Nilianza na namba. Namba ya chesisi ya 240Z hugongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, kisha hurudiwa kwenye kibati chini ya boneti, pamoja na namba ya injini. Yetu ilianza na HS30, alama ya magari ya usukani wa kulia yaliyouzwa nje ya Japani. Yale ya usukani wa kushoto yaliandikwa HLS30. Namba ya ukutani na ya kwenye kibati zilikuwa moja. Bodi, basi, ilikuwa yenyewe.

Injini haikuwa yenyewe. Ya kiwandani ni L24, silinda sita kwa mstari, cc 2,393. Fundi aliposugua mafuta yaliyoganda ubavuni mwa bloku, ikajitokeza L28, injini kubwa zaidi iliyoanza kufungwa wakati 240Z zimeshaacha kutengenezwa. Ndani ya mkebe wa biskuti tukapata risiti ya injini kuukuu iliyonunuliwa Grogan, Nairobi, jina la Baba Mkubwa likiwa limeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Dalali hakushtuka. Gari la mashindano kubadilishwa injini ni jambo la kawaida, alisema, na hapo alikuwa sahihi. Akatuonyesha matundu manne ya mbele, chini ya boneti, yaliyozibwa kwa shaba. "Hizo ni sehemu za taa za rali. Mnataka nini tena?"

Fundi akacheka. "Miaka ile kila kijana mwenye gari alifunga taa hizo, mzee. Hata matatu zilikuwa nazo."

Ndipo tukaigeukia rangi. Anayepaka gari upya hupaka panapoonekana. Fundi alifungua dashibodi, akamulika kwa tochi nyuma ya kisanduku cha kuwekea vitu, mahali ambapo bomba la rangi halifiki. Palikuwa peupe. Akakwangua mlango kidogo kidogo kwa msasa laini hadi tabaka zikatokea kama duara za kisiki cha mti: nyekundu juu, kisha puti ya kijivu, kisha nyeupe, kisha rangi ya awali ya kiwandani, kisha bati. Chini ya nyeupe hapakuwa na nyekundu hata chembe. Nyekundu ilikuja baada ya puti, na puti ilikuja baada ya ajali. Magari ya timu yalikuja kwenye Safari yakiwa mekundu tayari. Hili lilianza maisha likiwa jeupe.

Nilipomweleza Mama Mkubwa, hakusema neno. Alikwenda chumbani, akarudi na picha ya harusi yao, ya 1976. Ni picha isiyo na rangi, lakini gari walilosimama kando yake, lenye maua kwenye boneti, ni jeupe kama shela lake.

"Kumbe ulijua?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza."

Akanieleza. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa 240Z pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana alama na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun. Baba Mkubwa alizifuata siku zile za Pasaka akiwa ameinamia redio, hali wala halali. Miaka mingi baadaye, alipogonga mti na kulazimika kupaka gari upya, alichagua rangi ile.

"Alisema limekimbia Safari?"

"Hata siku moja. Alisema amelipaka rangi ya Safari. Watu wakafupisha."

Dalali aliomba picha iwekwe kando. Hatukuambiwa tuseme uongo, alieleza kwa upole. Tungeonyesha matundu ya taa na kunyamaza kuhusu yaliyobaki, mteja ajiamulie. Mama Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea chai, kisha akaniambia picha iwe ukurasa wa kwanza.

Niliandika kurasa nne: namba zinazofanana, injini isiyofanana na risiti yake, matundu ambayo hayathibitishi lolote, rangi kwa mpangilio wa tabaka zake. Mteja alilipa bei ya chini. Kabla ya gari kupakiwa kwenye kontena aliuliza swali moja kupitia kwa dalali: akilitengeneza, alirudishe jeupe au aliache jekundu?

"Nyeupe ni ya kiwanda," Mama Mkubwa akajibu. "Nyekundu ni ya mume wangu. Gari ni lake sasa, achague mwenyewe."

Fedha zilitosha mabati ya jikoni. Ukumbini bado tunakinga maji kwa ndoo, na picha ya harusi imehamishiwa ukuta wa pili, usiovuja.