Mali ya Yatima na Chombo cha Kusomea

Asiyepata kushika mali ya yatima hudhani kwamba uzito wake ni kuilinda isipotee. Kuilinda kuna njia zake zijulikanazo: daftari, mashahidi, na kumcha Mwenyezi Mungu. Penye uzito hasa ni siku ya kuitoa, pale yatima mwenyewe anapokuja akasema, "Ami, nataka kitu fulani," na kitu hicho si chakula wala nguo wala dawa, bali ni kitu ambacho ndani yake mna haja na mna anasa, na wasii hauoni mpaka ulio baina yao.

Jambo hilo lilitufika mwezi wa Septemba 2025. Ndugu yetu alipofariki mwaka 2013 alituusia watoto wake wawili pamoja na kile alichowaachia, nyumba moja ya kupangisha mjini Tanga na akiba kidogo ya fedha. Tangu hapo tumeandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na Zaka yake tumeitoa mwaka baada ya mwaka, kwani katika madhehebu yetu ya Imam Shafi Zaka ni wajibu katika mali ya yatima kama ilivyo wajibu katika mali ya mtu mzima. Binti yule mkubwa, ambaye baba yake alimwacha na umri wa miaka sita, alikuwa amepata nafasi ya Chuo Kikuu kusoma elimu ya takwimu. Akatuandikia barua ya kurasa mbili, yenye salamu na dua na khabari za jamaa wote mpaka majirani, na haja yake akaitia katika mistari mitatu ya mwisho, kama ilivyo desturi ya barua za kuomba. Alitaka kishikwambi, tena kile cha thamani, chenye kioo cha inchi 13 na kalamu yake.

Mama yake hakuridhia. Yeye aliona anunuliwe kompyuta mpakato, ile nyepesi ichukulikayo mkobani, kwa sababu ndiyo aionayo mezani kwa kila mtu mwenye kazi ya maana. Bibi yake naye akawa upande wa mjukuu, na sababu yake tutaieleza, maana ilituingiza katika mtihani peke yake.

Tulikuwa tumetenga shilingi milioni 3 na nusu kwa chombo hicho. Fedha hizo ni kodi ya nyumba ya miezi mingi. Lau zingekuwa zetu tungekwenda dukani siku ile ile tukanunua tulichokipenda, na likiwa kosa, limetupata sisi. Lakini aya ya 6 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na tukiona kwao uongofu wa akili katika kutumia mali, tuwape mali yao, tena tuweke mashahidi. Wanazuoni wa madhehebu yetu wameeleza namna ya jaribio hilo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijriya, yaani 1277, ametaja katika Minhaj yake kwamba mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua, apatane bei mwenyewe, na yule asiyebaleghe akifika penye kufunga mapatano, walii ndiye afungaye. Binti yetu amekwisha baleghe zamani. Lililobaki ni kujulikana uongofu wake katika mali. Basi tukaona kwamba Mwenyezi Mungu ametuletea jaribio lenyewe mlangoni. Tukamjibu: hatukatai wala hatukubali. Fedha ni kiasi hiki. Chunguza, pima, utuletee hoja zako zimeandikwa, na mwisho wa mwezi tutakwenda pamoja.

Sisi nasi hatukukaa bure, kwani mwamuzi asiyejua mambo hulaghaika. Vyombo vyote viwili vilivyokuwa vikitajwa nyumbani ni vya kampuni ya Apple ya Marekani. Kompyuta yao nyepesi, MacBook Air, ilionyeshwa watu mara ya kwanza Januari 2008, mkuu wa kampuni Steve Jobs akiitoa ndani ya bahasha ya karatasi ili waone wembamba wake. Kishikwambi chao, iPad, kikafuata mwaka 2010, na mwaka 2015 kikatokea kile kikubwa cha kalamu na kibodi, kwa kudaiwa kwamba kinaweza kuchukua mahali pa kompyuta. Jambo lililotustaajabisha ni kwamba siku hizi ubongo wa vyombo hivyo ni mmoja. Kile kidude kiitwacho M4 kilitiwa katika kishikwambi mwezi wa Mei 2024, na Machi 2025 kikatiwa katika kompyuta. Basi mwenye kusema kishikwambi ni chombo dhaifu hajui asemalo. Tofauti iko katika kazi ambazo ubongo ule umepewa ruhusa ya kuzifanya.

Ama bei, nazo zasema mengi. Kishikwambi cha inchi 13 cha mwaka 2024 kilitangazwa huko Marekani kwa dola 1,299. Lakini hicho ni kioo kitupu. Kibodi yake ni dola 349, na kalamu dola 129, jumla dola 1,777. Kompyuta ya mwaka 2025 ilitangazwa kwa dola 999, na kibodi yake imo ndani yake, haiuzwi mbali. Huku kwetu bei huzidi kwa usafirishaji na kodi, walakini tofauti baina ya viwili hivyo haiondoki. Hata wepesi ni maneno ya dukani: kishikwambi peke yake kina gramu 579, lakini ukikitia kibodi yake hupita kilo moja, na hapo kimeikaribia kompyuta, ambayo ina kilo 1.24.

Twarudi kwa bibi. Macho yake yamepungua, na alipata kuona katika kishikwambi cha jirani mus-haf ambao herufi zake hukuzwa kwa vidole viwili mpaka alifu ikawa kama mnazi. Akasema, mjukuu anunue hicho, nami nitasoma nacho akija likizo. Nani atakuwa na moyo wa kumkatalia mama mzee asome Qurani? Hata hivyo hoja hiyo hatukuiruhusu kupanda mizanini. Mali ni ya yatima, na manufaa ya kupimwa ni ya yatima. Tukianza kuhesabu na manufaa ya bibi, kesho tutahesabu ya mjomba, na keshokutwa yetu wenyewe. Tulimweleza kwa upole, kisha tukamnunulia kwa fedha zetu mus-haf wa chapa kubwa. Aliupokea kwa dua nyingi, ingawa alisema kwamba huo haukuzwi kwa vidole.

Wako wazee ambao kila wakiona kioo mkononi mwa kijana husikitika, wakakumbuka ubao wa chuoni. Sisi tumeusomea ubao huo, na twaona ukumbusho huo una faida kuliko wao wanavyodhani. Waarabu wa leo hukiita kishikwambi kwa jina litokalo katika lauhi, na lauhi ndio ubao wenyewe. Lakini ubao wa chuoni haukumpa mtoto kitu. Ulikuwa mtupu, naye akauandika kwa mkono wake, akauhifadhi, akauosha, akaandika tena. Yule mtaalamu wa Marekani, Alan Kay, aliyekitungia fikra chombo cha namna hii mwaka 1972, kabla hakijawezekana kufanywa, alikikusudia watoto kama daftari la kuundia mambo yao: waandike, wachore, watunge hata programu zenyewe. Vingi vilivyokuja baadaye vimekuwa vyepesi mno kwa kutazama na vizito kidogo kwa kuandika. Hatusemi havifai. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, karani akienda nyumba kwa nyumba akijaza majibu kwa kidole, na baada ya hapo vikagawiwa walimu. Kwa kazi ya kusimama mlangoni na kujaza, kompyuta mpakato ni mzigo. Lakini karani ajazaye majibu na mtu wa takwimu ayachambuaye si mtu mmoja, na binti yetu anakwenda kuwa yule wa pili.

Mwisho wa mwezi akaja Dar es Salaam na daftari lake. Twakiri tulikuwa na hamu ya kuliona. Alikuwa ameazima kishikwambi cha shoga yake wiki moja, na kompyuta ya binamu yake wiki nyingine, na kila usiku ameandika alichokifanya. Katika wiki ya kishikwambi amesoma kurasa nyingi zaidi, amepiga mistari na kuandika pembeni kwa kalamu kama aandikavyo kitabuni, na siku tatu ameandika khati. Hilo tulilijua. Ana mkono mzuri wa khati ya Kiarabu, naskhi yake husifiwa hata na walimu wa chuo, na ndiyo siri ya kalamu ile kutajwa katika barua. Katika wiki ya kompyuta amesoma kidogo, lakini ameandika insha mbili na kujifunza mwanzo wa programu iitwayo R. Michezo na picha za kutazama ameziandika pia, bila kuficha: saa sita kwenye kishikwambi, saa nne na nusu kwenye kompyuta. Mama yake aliposikia hesabu hiyo alitaka kusema neno, tukamwashiria anyamaze. Wanaodhani kompyuta haina upuuzi hawajakaa nayo usiku.

Kisha akasoma hoja yake, nayo ilikuwa fupi. Alikwenda akaonana na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa takwimu, akamwuliza ni programu gani wanazotumia darasani. Akaambiwa SPSS, Stata na R. Hizo zimetengenezwa kwa kompyuta, si kwa kishikwambi. "Ami," akasema, "mambo nisiyoweza kuyafanya kwa kompyuta ni khati na kuandika pembeni mwa kitabu, na hayo naweza kuyafanya kwa karatasi. Nisiloweza kulifanya kwa kishikwambi ni somo lenyewe." Akaongeza kwamba umeme hukatika bwenini, na mtengenezaji amekadiria betri ya kishikwambi kuwa saa 10 na ya kompyuta saa 15 kwa kazi ya intaneti.

Tulimpinga makusudi, kama mtu apigaye ukuta kwa ngumi aone kama umekauka. Tukamwambia kwamba Septemba ile ile kishikwambi kilikuwa kimepewa madirisha mengi kama ya kompyuta, na huenda programu zikafuata. Akajibu: "Zikifuata, nitakuwa nimekwisha maliza mtihani wa mwaka wa kwanza kwa kipi?"

Tukaenda Kariakoo sote watatu. Tulimwacha atangulie, apatane mwenyewe. Mwenye duka, kijana mcheshi, alipomwona anakitazama kishikwambi kwa jicho la mapenzi akamwambia upungufu wa fedha si neno, kuna watu watakaomkopesha ziada alipe kidogo kidogo kwa simu pamoja na nyongeza kwa kila mwezi. Binti akauliza nyongeza hiyo inakwenda kwa nani na kwa sababu gani. Kijana akaeleza vizuri, wala hakudanganya. Ilikuwa mkopo wa fedha wenye kuzidi kwa muda, na hiyo ni riba, hata ikivaa jina zuri. Kuuza kitu chenyewe kwa bei iliyokatwa tangu mwanzo, ikalipwa kwa mafungu bila kuzidi, ni jambo jingine na ni halali. Watu wetu huchanganya mawili haya, wengine wakaharimisha yote na wengine wakahalalisha yote. Yeye alisema tu kwamba hana haja ya mkopo, akakirudisha kishikwambi mahali pake. Tuliona alikipangusa kwanza alama za vidole kwa ncha ya mtandio wake.

Akapatana bei ya kompyuta mpaka shilingi 3,120,000, akaomba aandikiwe dhamana ya mwaka mmoja kwenye risiti yenye mhuri, akaiwasha na kuijaribu kila kibonye kabla ya kulipa. Katika fedha zilizobaki aliomba shilingi 40,000 anunue wino mweusi, kalamu za mwanzi na karatasi nzito. Zilizosalia akasema zirudi kwenye hesabu yake, kwa ajili ya vitabu.

Usiku ule tulipiga simu kwa watu wawili waaminifu wa msikitini kwetu, wakaja baada ya sala ya Isha. Tukawaeleza tuliyoyaona, tukafungua daftari la mwaka 2013 na yale yaliyolifuatia, manne kwa jumla, tukayaweka mbele yake. Fungu lake na la mdogo wake yameandikwa mbalimbali. La mdogo wake litabaki mikononi mwetu mpaka wakati wake. Mashahidi walikuwa tayari kutia sahihi na kwenda zao, kwani ulikuwa usiku. Yeye akaomba radhi, akasema kwamba hatatia sahihi asilolisoma. Akavuta kiti karibu na taa, akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka rula chini ya mstari wa juu, akaanza kujumlisha.