Tabora, njia iliyobebwa mabegani

Mzazi unayefikiria kuwapeleka watoto Tabora likizo hii, utawaonyesha miembe mikubwa, utawanunulia asali na utawasimulia kuhusu reli iliyofika hapa mwaka 1912. Usisahau kuwaambia kwamba kabla ya reli, karibu kila kilichoingia na kutoka katika mji huu kilibebwa na mtu.

Zamani paliitwa Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikapumzika hapa, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Huo ni mwendo wa takriban kilomita 1,200. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh Novemba.

Wageni wengi huenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuona tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Lina kuta nene za udongo na mlango wa nakshi kama wa pwani. Mwaka uliofuata Livingstone alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliibeba maiti yake, wakapita nayo Unyanyembe Oktoba 1873 wakielekea Bagamoyo. Hao angalau tunawajua majina. Maelfu ya wengine waliobeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga hatuwajui.

Mimi huandika habari za afya, hivyo nikiwaza njia hii nawaza shingo, mabega na nyayo. Mzigo wa mpagazi ulifika kilo 30 au zaidi, na juu yake aliweka mkeka na chakula chake. Ndui ikiingia kambini iliua wengi, na aliyeshindwa kutembea aliweza kuachwa njiani.

Hapa watoto waelezwe kwa uangalifu. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru. Walifanya kazi kwa ujira, na kijana aliyefika pwani na kurudi aliheshimiwa kwao. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa mbali zaidi magharibi, upande wa Manyema. Mmoja alibeba kwa makubaliano, mwingine hakuulizwa.

Tofauti hiyo mtoto haielewi kwa kusomewa tarehe. Anaielewa akiona mwili. Kwa hiyo ninashauri safari ya Kwihara iwe na sehemu ya pili, hata kama ni mwaka mwingine: Mkunazini, Zanzibar, mahali baadhi ya waliopitishwa njia hii waliuzwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na hapo likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Kando yake kuna sanamu za Clara Sörnäs, mchongaji kutoka Sweden, zilizokamilika mwaka 1998.

Ni watu watano, wanaume na wanawake, wamesimama ndani ya shimo. Shingoni wamefungwa mnyororo halisi wa enzi za utumwa. Hakuna anayepiga kelele wala kunyoosha mkono kuomba. Mchongaji ameyaacha maumivu kwenye mabega, shingo na uzito wa kusimama tu. Nawe uko juu, unawatazama chini, kama pengine alivyowatazama mnunuzi. Hapo moyo huanza kusumbuka.

Watoto wasidhani kuchonga umbo la mtu ni ujuzi wa kuletwa. Kiti cha enzi cha mtemi wa Buruku, Unyanyembe, kina mtu mzima aliyechongwa kwenye egemeo lake. Kiti hicho kilichukuliwa enzi za Wajerumani na kipo Berlin. Fundi wa Kinyamwezi alimweka mtu mgongoni mwa mtawala.

Nayasema haya kwa sababu kuna familia ambazo hadi leo mtoto akiuliza, "Bibi, asili yetu ni wapi?" bibi hubadilisha mazungumzo. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, lakini aibu haikufutwa na sheria. Anayeibeba mara nyingi ni mjukuu wa aliyeonewa, na kitu kisichosemwa nyumbani huumiza kimyakimya. Sanamu inasaidia kwa kuwa haimtaji mtu wala ukoo. Inaonyesha binadamu aliyeumizwa, na familia inapata pa kuanzia kuzungumza.

Kama nauli ya Zanzibar haijapatikana, watafutie picha ya sanamu hizo mkiwa bado Tabora, mkae chini ya mwembe, mwangalie pamoja. Usianze na somo la historia. Muulize mtoto, "Unadhani huyu anaumwa wapi?" Kisha mpe muda ajibu.