Mkongo umefika, nani amepanga namba?

Ukitoka Musoma kwenda Bunda, hakuna kondakta atakayekuzungusha kwanza Butiama. Lakini picha zako mtandaoni zinaweza kupitishwa huko, tena kwa faida yako!

Kazi yangu ya habari inategemea picha kufika mapema, ndiyo maana nimemsumbua rafiki yangu fundi mitandao anieleze itifaki ya OSPF. Kumbe haihesabu kilomita. Kila kiungo kina gharama: kwa kawaida, megabiti 100 gawanya kwa kasi yake. Tuseme Musoma–Bunda ni redio ya megabiti 10: gharama 10. Musoma–Butiama na Butiama–Bunda ni faiba za megabiti 100: 1 na 1, jumla 2. Ruta inachagua Butiama.

Tatizo ni kwamba faiba ya megabiti 1000 nayo inapewa 1, maana hesabu haishuki chini ya hapo. Fundi asipobadili kipimo kwenye ruta zote, umelipia lami ukahesabiwa vumbi.

Halafu kuna aina ya kiungo. Ruta mbili kwenye waya mmoja zikidhani ziko kwenye mtandao wa wengi, zinasubiri sekunde 40, kisha zinachagua kiongozi na msaidizi. Wako wawili tu, jamani! Upande mmoja ukiambiwa "tuko wawili" na mwingine ukabaki na uchaguzi wake, zitaonekana zimepatana, lakini njia hazipatikani. Habari inakwama Bunda, waya mzima kabisa.

Kwa hiyo wadau, tukiambiwa mkongo umefika mkoani, tushangilie. Kisha tuulize namba kapanga nani.